Kidole Kwenye Fundo

Jambo zima, kwa hesabu niliyoipiga nikairudia, lilinigharimu kucha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, rafiki mmoja ambaye siku zile nisingekubali kumwita rafiki, na cheo pekee nilichowahi kupewa bila kukipigania. Kucha iliota upya, imelala upande kidogo kama kofia ya mlevi. Rafiki alikwenda zake. Cheo ndicho ninachokidai mpaka leo, na wadaiwa wangu ni wawili, mmoja wao ni baba yangu mzazi.

Kila nikipita penye duka la vifaa vya ujenzi, harufu ya kamba mpya ya katani hunisimamisha. Ni harufu ya nyasi kavu yenye mafuta kidogo, na kwangu haiji peke yake. Huja na vumbi la maboksi, na sabuni ya unga iliyopasukia mfukoni, na blanketi zito ambalo bado linanuka plastiki yake. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya Ijumaa sebuleni kwetu, Al-Suwaidi, Riyadh, nilipokuwa na miaka tisa. Zulia lilikunjwa likaegemezwa ukutani, meza ikahamia jikoni, kiyoyozi kikazimwa kwa sababu Baba alidai kinamkaushia kamba yake kabla ya wakati, na katikati ya chumba boksi kubwa lililowahi kubeba friji ya mtu lilikaa kama bibi harusi anayesubiri kuvishwa. Sote tulitokwa na jasho, tukalitazama boksi.

Mama alikuwa muuguzi, na mkataba wake ndio uliotuleta. Baba alikuja nyuma yake kwa ikama ya familia, yaani kibali cha ukaaji kilichoandikwa chini ya jina la mkewe, jambo ambalo wenzake wa Mombasa walilitania mpaka likawaishia utamu, kisha akapata kazi ya stoo katika hospitali hiyohiyo. Lakini ujuzi wake wa kweli aliupata bandarini, alikotumia ujana wake wote kufunga shehena juu ya malori: mabati, magodoro, na zaidi ya yote magunia ya kahawa. Ujuzi huo ndio uliowaleta akina anti nyumbani kwetu. Walikuwa wanawake wa kwetu, wengi Wakenya na Watanzania wachache, waliofanya kazi za ndani katika nyumba za mitaa ile, na mkataba ulipokaribia kwisha kila mmoja alikuwa na boksi lake. Na palikuwa na desturi, sijui aliyeianzisha: mwenye safari hafungi mzigo wake mwenyewe. Akiufunga mwenyewe, walisema, atarudi kwa madam yuleyule. Basi mzigo ulifungwa na anayebaki, na miongoni mwa waliobaki hapakuwa na mkono kama wa Baba.

Kamba aliiloweka kwenye beseni tangu asubuhi, ilainike ifuate mkono. Akaizungusha boksini kwa urefu, akaizungusha kwa upana, na kila zilipokutana akapiga fundo. Hewa ya Riyadh haina unyevu wowote wa kukopesha, kwa hiyo katani ile ilikauka tukiwa tungali tunakunywa chai, na fundo likawa gumu kama kokoto. Lakini kati ya kuvuta na kukaza kuna punje ya wakati ambapo kamba hutaka kulegea, na mtu mwenye mikono miwili tu hana la kuifanya. Hapo ndipo Baba alipoita, bila kugeuka: "Kidole!" Nami niliyekuwa nimekwisha kupiga magoti kando yake nikaweka kidole changu cha shahada juu ya pale kamba zilipopishana, nikakandamiza. Akazungusha, akapitisha, akaita "Toa!" na neno hilo na mvuto wa kamba vilikuwa kitu kimoja. Ukitoa mapema, fundo linalegea. Ukichelewa, unalia. Nilitoa katikati, kila mara, na kamba ilinipapasa ncha ya ukucha ilipokuwa ikijifunga nyuma yangu.

Akina anti walikuwa wakisema, "Babake Rehema, hii isifunguke njiani, humo mna vyombo vya mwanangu," naye akajibu, "Hii? Hii hata mimi mwenyewe siifungui." Ilikuwa kweli. Fundo lake halikufunguliwa. Lilikatwa kwa kisu na mjomba fulani huko Kilifi au Tanga. Mimi nilijiona kama mshirika katika biashara ile. Dada yangu mdogo alikuwa mrembo kuniliko, kaka yangu alijua Kurani kuniliko, na binamu zangu walioachwa Mombasa walikuwa na bibi. Mimi nilikuwa na kidole.

Kisha hospitali ikampeleka Mama kwenye tawi lake la Jeddah, tukapata nyumba ya chini katika jengo la Al-Safa. Juu yetu ilikaa familia ya Wakolombia. Baba mtu alikuwa fundi wa mashine za hospitali, mama mtu alipika maharage yanayokaribiana sana na yetu, na binti yao, Lusia, alikuwa rika langu, mrefu, mwenye nywele zilizoshikwa kwa vibanio vya chuma vinne. Nilivihesabu siku ya kwanza kwenye ngazi, nikavihesabu tena aliponipita, maana mimi nilikuwa na viwili. Tulizungumza Kiingereza cha shule na Kiarabu cha ngazini, yaani yalla ya twende, halas ya basi na mafi ya hakuna, na kwa watoto maneno hayo matatu yanatosha kugombana na kupatana.

Wivu wenyewe ulianzia darasani. Shule yetu ilikuwa ya watoto wa wageni, na mwalimu wa Kiingereza, mama wa Kimisri aliyependa kupiga makofi, alitupa kazi ya nyumbani juu ya neno *fasten*. Kila mtoto akaulize kwao linasemwaje, kwa viatu, kwa mkanda wa gari, kwa shati, kwa mzigo. Lusia alisimama na kuyamwaga kama mtu anayetoa chenji. Mkanda, *abrochar*. Shati, *abotonar*. Kamba, *atar*. Mzigo juu ya mnyama, *amarrar*, na babu yake alilitumia hilohilo hata kwa viatu. Nywele, *sujetar*. Pini ya nguo, *prender*. Mlango usisukumwe na upepo, *asegurar*. Saba. Nilirudia kuhesabu kwa vidole chini ya dawati nikitumaini ni sita. Mwalimu alipiga makofi.

"Na kwenu, Rehema? Mkanda?"

"Funga."

"Shati?"

"Funga."

"Haya, mzigo?"

Mvulana mmoja wa Kisudani akajibu kwa niaba yangu, "Funga!" na darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye kwa mbali. Akasema ni vizuri, lugha yenu haina gharama. Nilikaa chini nikiwa nimeibiwa. Neno langu moja lilikuwa likifanya kazi za watu saba, kama anti mmoja katika nyumba ya ghorofa tatu, na hakuna aliyelipigia makofi.

Jioni nilimkabili Baba aniongezee. Alicheka, kisha akaona sichezi, akakaa. Akanipa kaza, akanipa bana, fundika, shikiza, pachika, akanipa ganga, ambalo bandarini walilitumia kwa kamba iliyokatika inapounganishwa upya. Nilidai mengine, tukashindana bei, akaniongezea ambatisha na kusema hilo ni la vitabuni, nilichukue bure. Nilikwenda shule nimejaa. Nikainua mkono kabla ya salamu kwisha. Mwalimu akaniambia, kwa upole, kuwa somo hilo lilikwisha jana na leo tuko kwenye wanyama wa porini.

Ningeyasahau hayo yote kama Lusia angebaki juu. Lakini alinisikia nikiyataja maneno ya Baba ngazini, akataka kumwona mtu mwenye maneno hayo, na Ijumaa iliyofuata akashuka. Baba alikuwa na boksi na hali yake haikuwa nzuri. Jeddah ilikuwa imemdhalilisha. Hewa ya mji ule ni supu. Nguo hazikauki, chumvi hushikana kwenye chupa, na katani iliyoloweshwa asubuhi ilibaki imelowa hadi jioni, fundo likiteleza polepole kama mtu anayeshuka kitandani asiamshe mwenzake. Akapunguza maji, kamba ikawa ngumu mkononi. Akayarudisha, ikateleza. Jambo pekee lililosaidia ni kidole kukaa muda mrefu zaidi, na mimi nilikuwa nimeanza kuipenda Jeddah kwa sababu hiyo.

Lusia alisimama mlangoni akatazama, kisha akasema babu yake huko kwao alikuwa akifunga magunia juu ya nyumbu. Baba, bila kuinua kichwa, akauliza magunia ya nini.

"Kahawa," alisema Lusia.

Kamba ilimtoka Baba mkononi. "Kahawa?" Akageuka mzima, akamtazama mtoto yule kama ndugu aliyepotea akapatikana uwanja wa ndege. Kahawa! Magunia mangapi, ya kilo ngapi, yanalazwa au yanasimamishwa? Mimi nilibaki nimekandamiza fundo ambalo hakuna aliyekuwa akilifunga. Wakaongea kwa Kiingereza kibovu cha Baba na Kiarabu chake kibovu zaidi, na kwa mikono, na tangu siku hiyo Baba akawa akisema "amarra" anapovuta, kwa lafudhi ya kwetu Kisauni, Mombasa, na Lusia akawa akisema "kaza" kwa lafudhi yake, wakacheka wote wawili. Mimi sikuona kilichochekesha. Wiki ya pili nilipelekwa jikoni kumpimia anti mmoja chai, na niliporudi na sinia nilisikia "Kidole!" nikakimbia, chai ikamwagika. Kidole kilikuwa pale tayari. Chembamba, cheupe, na kucha yake imepakwa rangi ya waridi.

"Umechelewa, Rehema," alisema Baba, kama mtu anayetaja saa.

Sikulia. Mimi si mtu wa kulia pale ninapoweza kupatana bei. Nilimsubiri Baba atoke msikitini, nikampa mkataba: Lusia achukue mifuko na vifurushi, mimi maboksi. Akasema watoto wazuri hupokezana. Nikasema basi Lusia achukue mifuko, vifurushi na maboksi madogo, mimi makubwa. Akasema sawa. Nikasema na fundo la mwisho, lile la juu, ni langu daima. Akacheka akasema sawa, halas, na kwa watu wa Jeddah neno hilo ni muhuri. Nililala nimeridhika. Nilikuwa sijajua kuwa mtu mzima anayecheka wakati wa kupatana hajapatana.

Ijumaa ya Anti Kadzo ndiyo iliyonionyesha. Anti Kadzo alikuwa mtu wa Kilifi, mnene, mchangamfu, aliyefanya kazi Al-Rawdah kwa madam mmoja miaka mingi mpaka watoto aliowalea wakamzidi kimo. Aliondoka mara hii kwa kurudi kabisa, binti yake anaolewa, na boksi lake lilikuwa kubwa kuliko yote niliyowahi kuona: seti ya sahani iliyofungwa ndani ya mablanketi, masufuria yaliyoingiliana, mapazia, na juu kabisa gauni la harusi ndani ya mfuko mweusi ili shangazi za bwana harusi wasilione kabla ya siku. Dereva wa madam alikuwa amekwisha kumteremsha, akawa anasubiri nje kumpeleka uwanja wa ndege, na kila baada ya muda alipiga honi kutukumbusha kuwa yeye si ndugu yetu. Kamba ilikuwa ya mwisho stoo. Baba alikuwa ameipima akasema itatosha kwa shibiri moja tu ya ziada.

Nilifanya mafundo yote ya ubavuni, na niliyafanya vizuri. Lusia alisimama kando ameshika mkasi, maana boksi kubwa lilikuwa langu, kama tulivyopatana. Ikafika zamu ya fundo la juu. Baba akafuta jasho kwa bega, akavuta kamba mbili zikapishana, akaita: "Lusia! Njoo, kidole."

Huenda aliona nimechoka. Huenda alisahau. Nimemtafutia sababu kwa miaka mingi, na kila ninayoipata nairudisha. Nilichofanya ni kupenyeza kidole changu kabla cha Lusia hakijafika. Baba alikuwa katikati ya mzunguko, hawezi kuacha. Akazungusha, akapitisha, akaita "Toa!"

Sikutoa.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi, na bado naiona ina mantiki yake. Kidole kilichotoka kinaweza kubadilishwa na kingine. Kidole kilichobaki ndani hakibadilishwi na cha mtu yeyote. Neno na mvuto, nimekwisha kusema, vilikuwa kitu kimoja. Kamba ikafunga, ikauma, na ukelele nilioutoa ulimnyamazisha hata dereva wa nje.

"Ya Rabi! Rehema! Mbona hukutoa?" alipiga kelele Baba.

Kidole kilikuwa kimeshikwa kwenye kiungo cha kwanza, ncha yake ikianza kuwa rangi ya zabibu. Anti Kadzo alipiga magoti, akanishika kichwa kifuani mwake, akaanza kuongea mfululizo kama afanyavyo mtu anayeogopa. "Jamani, mtoto wa watu ndiyo huyo kafungwa na masufuria! Nitamwambia nini mama yake? Basi niende naye hivihivi, tumlipie uzito? Usilie mama, usilie. Babake Rehema, kata! Kata hiyo kamba!"

Baba alichukua mkasi. Na hapo, kwa kufumba na kufumbua, nilimwona akiitazama kamba. Aliitazama jinsi ilivyolala, safi, imekaza pande zote, hakuna nyingine ndani ya nyumba na maduka yamefungwa mpaka baada ya Alasiri. Akikata fundo lile boksi zima linalegea, na ndege ya Anti Kadzo haisubiri. Kisha akaupeleka mkasi. Kutazama kule hakukuzidi pumzi moja. Lakini nilikuwa mtoto wa kuhesabu, nikaihesabu, na nikajikuta namwonea wivu hata katani.

"La, la," alisema Lusia. "Shwaya, shwaya." Polepole. Akaingiza mkono nyweleni, akachomoa kibanio kimoja, nywele zikamwagika usoni. Hakulishambulia fundo kwa upande wa kidole, ambako sote tulikuwa tukilivuta. Alikwenda upande wa pili, ule uliotulia, akawa anaisukuma kamba irudi ndani, punje kwa punje, kama unavyomrudisha mbuzi zizini bila kumtisha. Ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Babu yake, alitueleza baadaye, alimfundisha kuwa mzigo wa nyumbu lazima ufunguke upesi kuliko unavyofungwa, kwa sababu nyumbu akiteleza mlimani hakupi nafasi ya kutafuta kisu. Baba, miaka yote hiyo, hakuwahi kujifunza kufungua. Na Jeddah, iliyomdhalilisha mafundoni, ndiyo iliyonisaidia: katani bado ilikuwa imelowa. Ingekuwa Riyadh ingekuwa imekwisha kuwa kokoto, na mimi ningesafiri.

Fundo likapumua. Kidole kikatoka.

Anti Kadzo alipiga kigelegele cha harusi kabla ya harusi. Nikaletewa barafu kwenye bakuli, kidole kikazamishwa humo. Honi ikalia. Baba akazivuta kamba upya, mikono ikimtetemeka, zikapishana palepale, akaita kwa sauti ambayo haikuwa na nguvu: "Kidole." Na Lusia, nywele usoni, akaweka chake. "Toa." Akatoa. Likafungwa. Mimi nilisimama na bakuli langu la barafu, nikiwa nimeokolewa, nikitazama. Watu hudhani mtoto akisaidiwa na anayemwonea wivu, wivu unakwisha. Haukwishi. Unapata riba.

Kucha ikawa nyeusi, ikang'oka. Lusia alishuka kila alasiri na kitu mkononi, mara ndizi za kukaanga, mara hadithi, na mara moja neno jingine, *desatar*, kufungua kilichofungwa kwa kamba. Lilikuwa la nane. Nilimwambia nimeshatosheka na maneno. Akalirudia hata hivyo, akiizungusha bandeji yangu kwa vidole vyake vyembamba, na sikukitoa kidole. Alikuwa na mkono mwepesi. Nilimchukia kwa hilo pia.

Mwaka wa shule ulipokwisha, mkataba wa baba yake nao ukaisha. Waliteremsha mizigo yao sebuleni kwetu, kwa sababu walikwisha kuijua desturi yetu na hawakutaka kuichezea. Mwenye safari hafungi mzigo wake, na kwa tafsiri ya Baba hata kidole hakiweki. Basi cheo kikarudi kwangu chote, maboksi na mifuko, fundo la ubavuni na fundo la juu. Lusia alikaa juu ya zulia lililokunjwa, mikono amejifungia magotini asije akasahau, akatutazama. "Kidole!" Nikaweka. "Toa!" Nikatoa, katikati kabisa, kama zamani. Ulikuwa ushindi wa mezani, ule unaopewa kwa sababu timu ya pili haikuruhusiwa kuingia uwanjani. Aliniachia kibanio kimoja. Nilimwachia neno ganga, nililokuwa nimemnyima tangu mwanzo, na yeye akalitamka vizuri mara ya kwanza, bila shaka.

Siku hizi nafanya kazi Riyadh kwa mkataba wangu mwenyewe, si mbali sana na Suwaidi ile. Ijumaa hazinuki kamba tena. Ukifika uwanja wa ndege, unasimamisha begi juu ya kisahani kinachozunguka, kijana anabonyeza kitufe, na plastiki inalivisha kuanzia miguuni hadi kichwani kabla hujatafuta pasipoti. Hakuna anayepiga magoti. Wala hakuna anayefungiwa na anayebaki. Kila mtu anajisimamishia begi lake na kulipeleka mwenyewe, na ndiyo maana, nikiikumbuka desturi ile, sishangai kuona sote tunarudi kwa madam na kwa bosi walewale. Begi langu hufika salama kila mara. Sijawahi kulitazama likizunguka nikajiona nina kazi duniani.

Baba amezeeka, yuko Kisauni, mikono inamtetemeka sasa wakati wote na si kwa ajili ya hofu. Nikimpigia simu, ananiuliza afya, ananiuliza joto la Riyadh, kisha ananiuliza, "Na yule mtoto wa kahawa, hujampata?" Nilipokwenda likizo mara ya mwisho nilimpelekea viatu vya kamba, kwa sababu miguu yake inavimba na kiatu cha kuchomeka hakimkai. Nikakaa chini, mguu wake nikauweka pajani, nikapishanisha kamba. Sikuita. Kidole chake kikashuka kutoka juu, kikitetemeka, kikajiweka palepale kamba zilipopishana, kikakandamiza kwa nguvu ndogo iliyobaki.

"Lusia alikuwa akitoa mapema," alisema. "Mapema kidogo. Sikumwambia, mgeni yule."

Nilizishikilia kamba palepale zilipopishana. Miaka yote hiyo. "Na mimi?"

"Wewe ulikuwa sawasawa. Ila siku ile moja." Akacheka. "Lakini nampenda yule mtoto. Mtafute, Rehema. Nataka kumsikia akisema *amarra* kabla sijaondoka."

"Toa kidole, Baba."

Hakutoa. Nami nikakaza kidogo kuliko inavyohitaji kiatu, akasema "Aa!" akanitazama, nikalegeza.

Sasa niko hapa na simu yangu. Kumtafuta mtu siku hizi si kazi, na jina lake lote ninalo, na la babake, na hata la mji wa babu yake mwenye nyumbu. Nikimpata, itabidi nimpigie kwa video nikiwa Kisauni, nimshikie Baba simu maana mikono yake haiwezi, nao wataanza kahawa, magunia ya kilo ngapi, yanalazwa au yanasimamishwa, na watacheka, na mimi nitakuwa katikati yao nimekandamiza kitu ambacho hakuna anayenitazama nikikikandamiza. Baba ananidai hilo, na muda wake wa kungoja si mrefu. Wewe uliyewahi kushikilia fundo la watu wawili unaowapenda, nishauri: kidole anakitoa wakati gani mtu?